Nani Alinawia Hatua ya Sita?

Nyinyi vijana mna tabia moja inayonichekesha. Mkishindwa jambo, mnasema kifaa kibovu. Simu ikigoma, mtandao. Jaribio likigoma, kifaa. Mtihani ukigoma, mwalimu. Nimefundisha fizikia Nachingwea na Ruangwa tangu miaka ya tisini mpaka magoti yaliponiomba nistaafu, na muda wote huo sijakutana na kifaa kilichojiharibu chenyewe kwa makusudi. Watu wa namna hiyo nimekutana nao wengi.

Mmeniomba niwaeleze jinsi ya kutengeneza ule mtambo ambao kitu kimoja kinaangusha cha pili, cha pili kinasukuma cha tatu, mpaka mwisho kengele inalia. Mnasema mmeuona kwenye simu, umetengenezwa na watoto wa nchi za mbali kwa mbao zilizopigwa msasa na treni za kuchezea. Hongereni kwa kuona. Sisi tuliutengeneza Ruangwa kwa ufuta, mwanzi, sabuni ya mche na mtego wa panya. Nitawaambia zaidi ulivyokwama kuliko ulivyolia, maana siku ulipolia tulishangilia tu, na mtu anayeshangilia hajifunzi.

Kosa la watu wote ni hili. Mtu anaanza na kitu cha kwanza, kikimfurahisha anaunga cha pili, anaunga cha tatu, anaita wenzake waje kuona. Akifika mwisho anagundua kwamba kitu cha mwisho kinataka nguvu ya ng'ombe, na yeye amebeba nguvu ya mende. Anakaa chini, anafuta jasho, anasema kifaa kibovu.

Mimi mwenyewe nilitolewa ujinga huo Nachingwea, kituo changu cha kwanza. Mimi ni Mpare. Nilishuka pale nikiwa binti mwenye cheti kipya, sanduku la bati na maoni mengi. Mwalimu wa ufundi alikuwa Mwalimu Chitanda, Mmwera wa hapo hapo, mzee mfupi ambaye penseli haikutoka sikioni mwake hata siku ya Idi. Wiki ya kwanza nikaenda karakana yake.

"Shikamoo, Mwalimu. Naomba mbao za kusimamishia roda."

"Marahaba. Roda yako itainua nini?"

"Bado sijaamua. Ndiyo kwanza naanza."

"Basi hujaanza, mwanangu. Nenda kaamue, ndiyo uje uanze."

Nilinuna, na alipoona nimenuna akanichukua Jumamosi moja mpaka nje ya mji, kwenye mabaki ya vyuma vya ule mradi wa karanga wa Waingereza. Akaniambia wale mabwana walileta matrekta, wakajenga nyumba, wakalaza reli, wakachimba bandari. Mwisho wa vyote ndipo wakakumbuka kuziuliza karanga kama zitakubali kuota. "Zikasema hazitaki," akasema Mwalimu Chitanda, "na reli ikang'olewa. Sasa na wewe unataka kuanza na mbao." Kisha akanitafutia ringi ya lori kuukuu, yenye kutu, kama zile zinazogongwa kuwa kengele za shule, akanikabidhi kama zawadi ya harusi. Ukijenga kazi yoyote, alisema, anza na hii, ilie kwanza, halafu urudi nyuma.

Niliibeba ringi ile kwenye basi siku nilipohamishiwa Ruangwa. Kondakta aliniuliza kama kwa Wapare siku hizi mahari hulipwa kwa ringi. Nikamwambia ndiyo, na yeye kwa umbo lake angetozwa ya baiskeli. Nilipofika shuleni, nikakuta kengele yao ni kipande cha bomba kinacholia kama kikohozi. Tukaining'iniza ringi yangu kwenye kenchi ya kibaraza cha maabara, na tangu siku hiyo ndiyo iliyowaamsha, ikawaita darasani na ikawaita kula. Kumbukeni hilo la kula.

Nimesema maabara, lakini msije mkaona meza nyeupe na mabomba ya maji. Kilikuwa chumba chenye sakafu nzuri ya saruji, kimejaa magunia ya korosho za shamba la shule. Mkuu wa shule, ambaye nitamwita Mkuu tu kwa sababu mwenyewe hakupenda kuitwa kitu kingine, alikuwa na hoja ya kuifuta fizikia kuanzia kidato cha tatu. Alisema wanafunzi ni wachache na maabara hakuna. Maabara ilikuwepo, isipokuwa wanafunzi wake walikuwa korosho, na sikuwahi kuziona zikifanya jaribio lolote. Basi ikasemwa kwamba mkaguzi wa elimu atakuja kutoka mkoani. Akiridhika kwamba fizikia inafundishwa kwa vitendo, somo litabaki. Asiporidhika, zitabaki korosho.

Wanafunzi wangu wa fizikia wangetosha kukaa kwenye mkeka mmoja. Miongoni mwao alikuwepo Somoe, binti mrefu kutoka Malolo, mwenye tabia ya kusema kwa sauti ya kawaida mambo ambayo wenzake wangeyanong'ona. Baba yake, Mzee Hamisi, mkulima wa korosho na ufuta, alikuwa ameletewa posa na mfanyabiashara wa ufuta wa Ruangwa mjini, bwana mwenye pikipiki na meno mawili ya dhahabu. Mzee Hamisi hakukataa wala hakukubali. Alisema, "Ntoto amalize kwanza hiyo fizikia yake, ndiyo tutazungumza." Mwenye pikipiki akauliza fizikia inaisha lini. Mzee akasema hilo aulizwe mwalimu. Akaja kuniuliza kweli, pikipiki ikinguruma nje, nami nikamjibu kwamba ndiyo kwanza inaota meno, na si ya dhahabu.

Nilicheka mbele yake, lakini moyoni sikucheka. Somoe alikuwa ameshaniambia mwenyewe, tukiwa tunahesabu gololi: "Mwalimu, fizikia ikifutwa leo, kwetu mazungumzo yanaanza kesho." Alikuwa na akili ya kwenda mbali kuliko mimi niliyekuwa namfundisha, na mtu pekee aliyesimama kati yake na ile pikipiki alikuwa mkaguzi ambaye hatujawahi kumwona.

Ndipo tukaamua kujenga mtambo. Vifaa vya maabara tulivyokuwa navyo ni mizani moja ya springi na kipimia umeme kilichokufa zamani, kwa hiyo tuliokota. Tukaanza na ringi kama alivyoagiza Mwalimu Chitanda. Tulitafuta jiwe linaloiliza vizuri, tukalifunga kamba, tukaliinua pembeni na kulizuia kwa kijiti. Kijiti kikichomoka, jiwe linabembea na kugonga. Nini kitachomoa kijiti? Hapo wanafunzi wakaangaliana, kila mmoja akasubiri mwenzake aseme. Walijua, ila waliona haya mbele ya mwalimu wa kuja. Somoe ndiye aliyesema, "Mtego wa panya, Mwalimu."

Msijifanye hamuujui. Ule wa fito iliyopindwa, ambayo panya akigusa chambo inafyatuka. Huku panya wa shambani ni kitoweo, na sisi walimu wa kutoka mikoa mingine tulikuwa tukicheka mchana na kuulizia bei jioni. Fito ile ikifyatuka ndani ya chumba, kamba iliyopitishwa dirishani inavutwa kwa nguvu ya kuchomoa kijiti kule kibarazani na kubaki na chenji. Ikawa hatua ya saba, na jiwe ikawa ya nane.

Tukarudi nyuma namna hiyo mpaka mwanzo, na mtambo ulipokamilika ulikwenda hivi. Ufuta unatiririka kutoka kwenye chupa iliyotobolewa, unajaza kopo. Kopo likizidi uzito, rula inainama. Rula inaachia gololi, gololi inateremka ndani ya mwanzi uliopasuliwa na kutumbukia kwenye kikombe. Kikombe kinashuka na kuvuta uzi, uzi unaachia betri kubwa ya redio, betri inabingirika na kugonga safu ya vipande vya sabuni vilivyosimamishwa. Hiyo safu ndiyo hatua ya sita. Vinaangushana mpaka cha mwisho, kikubwa kuliko vyote, ambacho kinaangukia chambo cha mtego. Wanafunzi wakauita Mwamshe Mwenzio.

Sasa sikilizeni, maana haya hayamo kwenye simu zenu. Ufuta upepetwe mpaka uwe safi. Kapi moja tu likiziba tundu, mtambo mzima unalala. Chumba kifungwe, kwa sababu hatua yetu ya kwanza iliwahi kuliwa na kuku wa makamu mkuu wa shule, na makamu akadai tumemtia kuku wake uzito. Vipande vya sabuni vikatwe mapema na kukaushwa kivulini, kwa kuwa sabuni mbichi husinyaa, na safu uliyoipanga jana leo haifikiani. Kila kipande kizidi kidogo mwenzake aliyemtangulia, na nafasi kati yao isizidi nusu ya urefu wa kipande. Cha muhimu kuliko vyote, kila hatua iwe na nguvu kuzidi inayohitajika. Anayempa mwenzake nguvu ya kutosha tu, siku ya upepo atamkwamisha.

Kwa nini sabuni na si mbao? Mbao zilikuwa kwa Mkuu, na kwa Mkuu ulikuwa unaandika barua. Sabuni ya mche ilikuwa stoo ya bweni, na kwa matroni ulikuwa unasalimia vizuri. Lakini bweni lenye uhaba wa sabuni halipangiwi sabuni sakafuni likaangalia tu. Safu yetu ilipungua kila Jumapili, siku ya kufua. Ilibidi Somoe avichore vipande vyote namba kwa msumari, na mimi nikatangaza kwamba atakayekutwa na namba ya fizikia kwenye beseni atahamia fizikia. Wizi ukakoma siku hiyo hiyo, jambo lililoniuma kidogo.

Mkuu naye, kila alipopita, alitaka kuongeza kitu. Mara kiwepo kitambaa kinachokunjuka chenye maneno ya kumkaribisha mgeni rasmi. Mara bendera. Mara picha yake mwenyewe iteremke katikati, "kuonyesha uongozi." Nilimwambia kila hatua inayoongezwa ni mahali papya pa kukwamia. Akaniambia niweke maoni yangu kwa maandishi. Mtambo wetu ulizidi ofisi yake kwa jambo moja: kipande cha sabuni kikigongwa kinaanguka papo hapo na kumgonga mwenzake, hakisemi kwanza kwamba suala lako linashughulikiwa.

Siku ya mkaguzi ikafika. Alishuka kwenye gari la serikali, mtu mzima mwenye miwani na mkoba wa ngozi, sauti yake ya upole wa mtu aliyechoka. Tulikuwa tumepanga kila kitu tangu asubuhi. Magunia ya korosho yalisogezwa ukutani na kufunikwa shuka, yakakaa pale kama wagonjwa. Somoe alisimama ndani ya maabara kando ya mtambo, kazi yake ikiwa kuondoa kizibo cha ufuta nitakapompa ishara. Nje, mbele ya kibaraza, shule nzima ilikuwa imepangwa mistari, na mgeni amekalishwa kwenye kochi lililotolewa nyumbani kwa Mkuu.

Mkuu akahutubia. Alianza na historia ya shule, akaja kwenye historia ya mkoa, akapita kwenye historia yake mwenyewe, na jua likawa linapanda. Harufu ya maharage ikaanza kutoka jikoni. Alipomaliza akawaambia wanafunzi wampigie mgeni makofi ya kilo.

Kwa wale mliozaliwa juzi: makofi ya kilo hupigwa kwa kipimo. Kilo moja kofi moja, kilo mbili makofi mawili, na kwa mgeni mzito, kilo kumi, na vishindo vya miguu juu yake. Mkuu akaita kilo moja, wakapiga. Akaita tano, wakapiga. Akaita kumi na miguu. Shule nzima ikapiga mguu chini kwa pamoja, ardhi ya kibaraza ikatikisika, na ndani ya maabara rula yetu, ambayo tuliitega kwa uangalifu mpaka nzi angeweza kuiinamisha, ikainama.

Mimi nilisikia tu gololi kwenye mwanzi. Sauti ile nilikuwa naijua kama sauti ya mwanangu. Nikasikia kikombe, nikasikia betri, nikasikia sabuni zikianguka moja baada ya nyingine bila kosa, kisha fito ikafyatuka, na ringi ya Mwalimu Chitanda ikalia juu ya vichwa vyetu kama haijawahi kulia.

Ringi ikilia saa ile maana yake ni moja tu shuleni. Mistari ilivunjika. Watoto wote waligeuka na kukimbilia jikoni, wengine wakitoa sahani mifukoni, wengine kwenye soksi. Mpishi aliposikia kengele akafunua masufuria. Chini ya muda wa kunywa maji, mbele ya kibaraza tukabaki Mkuu mwenye hotuba mkononi, mgeni kwenye kochi, na mimi. Mtambo ulikuwa umefanya kazi yake bila dosari, na hakuna mtu hata mmoja aliyeuona isipokuwa Somoe.

Mkaguzi akavua miwani. "Na ule mtambo niliosikia, uko wapi?"

"Umeshapita, mheshimiwa," nikasema.

Akatazama vumbi la watoto. Akatazama saa. Akatazama gari lake, ambalo dereva alikuwa ameshaliwasha. Kisha akasema neno ambalo watu wa ofisi hulibeba mfukoni kama leso. "Sawa. Nimeridhika."

Sitawadanganya. Nililipokea neno lile kwa furaha ya kuku aliyeokota mnofu. Nilitaka nilibebe nikimbie nalo, fizikia ibaki, Somoe abaki, ringi ibaki, na mkaguzi asafiri salama. Mkuu akaanza kumshukuru. Na hapo Somoe akatoka maabara, akapiga goti kama wanavyofundishwa mabinti wa kwao, akasema kwa ile sauti yake ya kawaida.

"Shikamoo, mzee. Samahani. Umeridhika na nini?"

Mkuu alimwangalia vile ambavyo angemwangalia mbuzi aliyeingia ofisini. Mimi nilimtolea macho na kumpungia mkono chini chini. Hakunitazama.

"Marahaba," akasema mkaguzi. "Nimeambiwa mtambo umefanya kazi, binti. Hutaki niridhike?"

"Nataka, mzee. Lakini hukuona. Ukiridhika bila kuona, mwakani atakuja mwenzio, ataghairi bila kuona."

Nani anayemwambia mkubwa maneno hayo? Aliyekuwa na mengi ya kupoteza kuliko sisi wote. Nilimwonea hasira, nikamwogopea, na nikajivunia, yote kwa pamoja, na sikujua nianze na lipi. Mkaguzi akavaa tena miwani yake. Kisha akamwashiria dereva azime gari.

"Itachukua muda gani kupanga upya?"

"Mpaka utakapomaliza kula," akasema Somoe.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sisi tulimpa jembe siku ya kwanza, kabla hajanawa. Mkuu akamkaribisha ofisini kwake kwenye ugali, maharage na kisamvu cha nazi, na akapiga kelele iletwe sabuni mgeni anawe. Sisi tukapiga magoti maabara kupanga tena kipande kwa kipande. Mwanafunzi mmoja akaingia mbio, akatoka mbio, akarudi tena baadaye. Hakuna aliyemtazama.

Walipokwisha kula, safari hii tukamwingiza mgeni ndani kabisa, asimame karibu. Nikakataza makofi. Nikamkataza hata Mkuu kukohoa. Somoe akatoa kizibo, ufuta ukatiririka, kopo likashuka, rula ikainama, gololi ikateremka, kikombe kikashuka, betri ikabingirika, sabuni zikaanza kuangushana, na katikati ya safu zikasimama. Kipande kimoja kiliegemewa na wenzake kikabaki wima kama askari wa zamu.

Mkuu ndiye aliyewahi kusema.

"Tatizo, mheshimiwa, ni uhaba wa vifaa."

Mnaona? Hamkuianzisha nyinyi tabia hii. Mficha uchi hazai, lakini Mkuu yeye aliuficha akitumaini mapacha. Mimi nilikuwa nimeshaanza kuiona ile pikipiki barabarani. Somoe alilala kifudifudi sakafuni na sare yake safi, shavu likigusa saruji, akakitazama kile kipande kwa chini. Akakigusa kwa ncha ya kidole. Halafu akanyanyua kichwa.

"Hiki kimelowa," akasema. "Maji yameingia kwa chini, kimenata sakafuni. Nani alinawia hatua ya sita?"

Wanafunzi wakatazamana. Mkuu akatazama dari. Yule aliyeingia mbio akajificha nyuma ya gunia la korosho. Na mkaguzi akanyanyua mkono wake wa kulia taratibu, akaunusa.

"Nadhani," akasema, "ni mimi."

Niliuma ulimi nisicheke, na nilishindwa. Alicheka yeye kwanza, tena kwa tumbo, miwani ikimshuka puani. Kumbe Mkuu alipoagiza sabuni na ofisini hamna, mtoto alichukua iliyo karibu, mgeni akanawishwa, na kipande kikarudishwa mahali pake kwa adabu zote, namba ikiangalia mbele. Shule nzima ilikuwa imetahadhari na wezi, lakini hakuna aliyetahadhari na heshima ya mgeni.

Tulikuwa hatuna kipande kingine kikavu cha ukubwa ule. Mkaguzi akafungua mkoba wake wa ngozi, akasukuma makaratasi pembeni, akatoa sabuni yake ya safari, ya kuogea, nyekundu, inayonukia maua. Akaomba kisu. Akaikata mwenyewe, Somoe akimwelekeza urefu, na mara mbili alimwambia, "Punguza kidogo, mzee," na mara mbili akapunguza. Tukasubiri pale saruji ikauke. Tukapanga. Ukaenda mpaka mwisho, na ile sabuni nyekundu ikaanguka katikati ya wenzake kama bibi harusi aliyezimia. Ringi ikalia.

Watoto wakakimbilia tena jikoni na sahani. Mpishi aliwakimbiza kwa mwiko.

Mkaguzi hakusema ameridhika. Alisema, "Nimeona." Akamwuliza Somoe maswali mpaka jua likaelekea kuzama, kuhusu kila hatua, inakwama wapi na kwa nini. Dereva alilala kwenye usukani. Kabla ya kupanda gari alimwambia Mkuu kwamba magunia yale yanahitaji chumba kingine, maana hiki kina somo. Nusu ya sabuni yake aliiacha. Ilikaa kwenye safu ya hatua ya sita miaka kadhaa, na hakuna aliyethubutu kuifulia.

Mzee Hamisi aliendelea kungoja fizikia iishe. Baada ya kidato cha nne akasikia kuna nyingine ya kidato cha tano, na baada ya hiyo kuna ya chuo. Siku moja tulikutana sokoni Ruangwa, akanishika mkono. "Nwalimu, hebu niambie ukweli. Hiyo fizikia ina mwisho?" Nikamwambia haina. Akatikisa kichwa, akacheka, akasema basi hata mazungumzo hayana. Yule bwana wa pikipiki alishaoa kwingine, akanenepa, akauza pikipiki.

Nimeyakumbuka yote haya kwa sababu ya mwenzenu mmoja, mwalimu kijana anayefundisha shule ya Chiola, aliyekuja kwangu wiki iliyopita amevimba kwa hasira. Alikuwa na jaribio la kuonyesha mbele ya mkaguzi. Likagoma. Akamweleza mkaguzi kwamba vifaa vibovu, akitegemea kuambiwa pole na kuagana. Mkaguzi akavuta kiti, akakaa.

"Ni mama gani yule," akalalamika. "Watoto walitaka kumpigia makofi, akakataza. Namwambia mama, tumejitahidi, si umeridhika? Ananiambia bado hajaona. Kakaa pale mpaka jioni, gari linamsubiri. Mwishowe kalala chini, Mwalimu, mtu mzima na gauni lake, kalala kifudifudi sakafuni anachungulia chini ya meza. Na kesho anarudi."

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Kijana akadhani namcheka yeye, na kweli nilikuwa namcheka, ila hakuwa peke yake. Nikamwambia aende akapange upya usiku huu huu, akianzia mwisho, na asijisumbue kutafuta maneno ya kumuaga mgeni. Yule nilimfundisha mimi. Hatoki hapo mpaka ilie.